Daftari la Waganga (3): Msimamizi Yuko Wapi?

Aprili 2025 Bunge la jimbo la Queensland, Australia, lilipitisha marekebisho ya sheria ya usajili wa wahudumu wa afya. Daktari, muuguzi au mhudumu mwingine atakayethibitika mbele ya baraza la hukumu kwamba alivunja maadili ya kazi kwa vitendo vya ngono, rekodi yake itakaa katika daftari la usajili daima, mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Wengi waliipokea kama habari ya fedheha. Mimi niliisoma kama habari ya daftari, na wanaonifuata tangu sehemu ya kwanza wanajua kwamba daftari ndilo linaloninyima usingizi.

Niliahidi kwamba leo nitaeleza ngazi za usimamizi kwa mhudumu aliyesajiliwa kwa masharti. Ahadi iko palepale. Ila ngazi hizo zitabaki kuwa maneno matupu kwa msomaji asiyejua kilichotokea Bundaberg, kwa hiyo tuanzie huko.

Bundaberg ni mji wa miwa katika pwani ya Queensland. Mtu wa Kilombero au Mumias akishushwa pale angejiona hajatoka mbali na kwao. Mwaka 2003 hospitali ya mji ule ilikuwa na shida ambayo kila mganga mkuu wa wilaya wa kwetu anaijua: wapasuaji hawataki kuhamia. Sheria ya Queensland ilikuwa na mlango wa pembeni kwa shida hiyo. Daktari kutoka nje aliweza kupewa usajili maalumu wa kuhudumu mahali penye uhaba, bila kutambuliwa kama bingwa. Kwa mlango huo akaingia Jayant Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa amefanya kazi Marekani miaka mingi.

Patel alikuwa tayari na masharti shingoni. Mwaka 2000 bodi ya madaktari ya jimbo la Oregon ilimkataza kupasua ini na kongosho, na ikamwagiza atafute maoni ya daktari wa pili kabla ya upasuaji wowote mgumu. Mwaka uliofuata alisalimisha leseni yake ya New York. Katika fomu ya Queensland aliulizwa kama usajili wake uliwahi kuwekewa vikwazo popote. Akajibu hapana. Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa sababu uongo wa mwombaji si jambo la kushangaza. La kushangaza ni kwamba cheti kilichotoka Oregon chenyewe kilitaja kuwapo kwa amri dhidi yake na kuelekeza kwenye kiambatisho. Kiambatisho hakikuwamo kwenye bahasha. Hakuna karani wala afisa aliyeuliza kiko wapi.

Kosa la pili ndilo linalohusu mada yetu. Patel alisajiliwa kama daktari mwandamizi wa upasuaji, na maana yake ni kwamba juu yake angekuwapo mkuu wa idara anayemwangalia. Mara tu alipofika, akafanywa yeye mkuu wa idara. Aliyepaswa kusimamiwa akawa msimamizi. Juu yake alibaki mganga mfawidhi, ambaye hakuwa mpasuaji na hakuweza kusimama mezani akasema, "Hapo umekata vibaya." Na hakuna aliyeona kwamba karatasi ya usajili na barua ya ajira zinapingana, kwa kuwa zilikaa katika ofisi mbili tofauti.

Nani basi alimsimamia? Wauguzi. Nimefundisha uuguzi kwa miaka mingi, na sehemu hii sijawahi kuisimulia darasani kwa sauti ya kawaida. Wauguzi wa figo waliona kwamba wagonjwa aliowawekea mipira ya tumboni ya kusafishia damu walipata matatizo mmoja baada ya mwingine, wakaandika orodha. Toni Hoffman, muuguzi mfawidhi wa wodi ya wagonjwa mahututi, aliona wagonjwa wa upasuaji mkubwa wa umio wakiletwa katika wodi ambayo haikuwa na uwezo wa kuwahudumia kwa siku nyingi. Alisema kwamba wapelekwe hospitali kubwa zaidi, Brisbane. Alianza kulalamika mwaka 2003. Akaonekana mgomvi asiyeelewana na daktari. Oktoba 2004 akaandika barua ndefu kwa uongozi, na Patel akaendelea kupasua. Hatimaye Hoffman akamwendea mbunge mmoja, na Machi 2005 jambo likafika bungeni. Wiki chache baadaye mwandishi wa habari Hedley Thomas aliandika jina la Patel kwenye intaneti, akakuta rekodi ya Oregon. Kilichoishinda bodi nzima ya madaktari ya Queensland kwa miaka miwili kilipatikana kwa mtu mmoja kukaa mbele ya kompyuta.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Geoffrey Davies ilitoa ripoti yake Novemba mwaka huohuo. Safari ya mahakamani ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 2010 Patel alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia wagonjwa watatu na kumdhuru mwingine vibaya. Mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ya Australia ikafuta hukumu hiyo na kuagiza kesi irudiwe. Mwisho wake, mwaka 2013, alikiri mashtaka ya udanganyifu kuhusu usajili wake, akapewa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Yaani baada ya yote yale, kilichosimama mahakamani ni kulidanganya daftari. Ninaona mizani hiyo haikuwatendea haki watu wa Bundaberg.

Tangu Julai 2010 Australia ina mfumo mmoja wa taifa wa usajili badala ya bodi za kila jimbo, na masharti aliyowekewa mhudumu huandikwa katika daftari ambalo mgonjwa anaweza kulifungua. Sasa ngazi zenyewe. Mwongozo ulioanza kutumika Februari 2022 unazitaja nne. Katika ya kwanza msimamizi yupo chumbani, anaona kwa macho, na dhamana ya kila mgonjwa ni yake. Katika ya pili yupo katika jengo lilelile na anafikika mara moja. Katika ya tatu anaweza kuwa nje, lakini anapatikana kwa simu na anaweza kuja. Katika ya nne yuko mbali, na anayesimamiwa anabeba dhamana kubwa ya kazi yake. Mhudumu hupanda ngazi hizo kwa ripoti za msimamizi. Kupita kwa miezi peke yake hakumpandishi.

Msimamizi anapendekezwa na mhudumu mwenyewe, lakini ni lazima aidhinishwe. Hatakiwi kuwa ndugu, wala mbia wa biashara, wala mtu anayelipwa mshahara na yule anayemsimamia. Akiugua au akijitoa, mhudumu anasimamisha kazi papo hapo mpaka apatikane mwingine. Sharti hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Lingekuwapo na kufuatwa Bundaberg, Patel asingefanya upasuaji hata mmoja.

Hata hivyo Australia ilijifunza kwamba si kila jicho ni usimamizi. Kwa miaka mingi daktari aliyetuhumiwa kuwadhalilisha wagonjwa aliruhusiwa kuendelea na kazi mradi awepo mtu wa tatu chumbani. Profesa Ron Paterson wa New Zealand alichunguza utaratibu huo, na ripoti yake ya mwaka 2017 ikapendekeza uachwe. Mtu huyo wa tatu mara nyingi hakujua anachopaswa kukiangalia, na mgonjwa hakuambiwa kwa nini yupo.

Nafasi imekwisha na la kwetu sijaligusa sawasawa. Tanzania ina sheria ya madaktari, madaktari wa meno na wahudumu shirikishi ya mwaka 2017, na kila mwaka vijana wetu wanaanza utarajali wakiwa chini ya usimamizi. Nimewahi kumkuta mtarajali peke yake usiku na wodi mbili, simu ya msimamizi haipokelewi, na asubuhi kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kikasainiwa kana kwamba msimamizi alikuwapo. Hospitali siitaji. Aliyesaini alidanganya kama Patel alivyodanganya, naye alimwachia mzigo kijana asiye na kosa.

Ombi langu kwa mabaraza yetu ya usajili ni moja: masharti ya kila mhudumu yaandikwe katika daftari la wazi, pamoja na ngazi ya usimamizi anayotakiwa kuwa nayo, ili wodi nzima ijue. Na kwako muuguzi wa zamu unayesoma haya: ukiona anayepaswa kusimamiwa yuko peke yake, andika tarehe, saa na namba ya jalada la mgonjwa, peleka kwa maandishi, na ubaki na nakala.