Nchi Imeahidi Nini Juu ya Hewa, na Shamba Lako Linaingiaje?

Mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini juzi akiwa na gazeti mkononi. Hakutaka kuketi. Akaniuliza, "Karani, nasikia Kenya imeuahidi ulimwengu kwamba itapunguza moshi. Mimi sina gari wala kiwanda. Nina ng'ombe wanne na ekari saba. Ahadi hiyo inanihusu nini? Au ndiyo kusema sasa tutatozwa kodi ya ng'ombe?"

Nilimjibu kwamba katika ahadi ile hakuna neno la kodi ya ng'ombe. Lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza, nimeona yafaa nilieleze hapa polepole.

Kwanza tujue ahadi yenyewe. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, nchi ya Brazili, yakapatana kwamba hewa zinazozuia joto la dunia lisitoke zipunguzwe. Hewa hizo ni kama blanketi: likiwa jepesi hutufaa, likizidi uzito twatokwa na jasho. Kenya ilithibitisha mapatano hayo mwaka 1994. Kisha mwezi wa Desemba 2015 yakafanywa mapatano mengine Paris, na Kenya ikayathibitisha mwishoni mwa 2016. Katika mapatano ya Paris kila nchi hujiandikia ahadi yake yenyewe, na kila baada ya miaka 5 hupaswa kuleta nyingine iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Kenya iliandika mwaka 2015 kwamba itapunguza asilimia 30 kufikia 2030. Desemba 2020 ikapandisha ikawa asilimia 32. Mwaka 2025 ikapeleka ahadi ya asilimia 35 kufikia 2035.

Hapo ndipo watu wengi hupotea, basi naomba mnivumilie, maana nilisomea ualimu kabla ya kuja ofisi hii. Asilimia 32 ya nini? Si ya moshi wa leo. Mabwana wa hesabu walikadiria kwamba, kama tungeendelea bila kujali, mwaka 2030 Kenya ingetoa tani milioni 143 za hewa hizo. Toa asilimia 32, zabaki kama tani milioni 97. Hicho ndicho kiasi tulichoahidi kutokizidi. Mwaka 2015 tulikuwa tumekwisha kufika karibu tani milioni 94. Maana yake ni hii: watu wanaongezeka, mifugo inaongezeka, magari yanaongezeka, lakini moshi wa nchi nzima uzidi kidogo tu kuliko ule wa 2015. Wako wanaosema kwamba hiyo ni ahadi nyepesi, kwa kuwa haituagizi kushuka. Mimi nikitazama jinsi barabara ya kwenda mjini ilivyojaa pikipiki siku hizi, sioni wepesi wake.

Mzee aliuliza pia kama tutafungwa tusipotimiza. La. Hakuna askari wa dunia, wala mapatano ya Paris hayana faini. Lakini nchi hupeleka taarifa, na nyingine huzisoma, na nchi isiyotimiza neno lake huenda kuomba msaada ikiwa na uso wa aibu.

Na msaada tunauhitaji. Katika karatasi ya 2020 Serikali ilikadiria kwamba kazi yote mpaka 2030 itagharimu dola bilioni 62 za Kimarekani. Sehemu yetu wenyewe ni asilimia 13. Zilizobaki zatarajiwa kutoka ng'ambo. Haki iko hapo, kwa maana Kenya haitoi hata sehemu moja katika mia ya moshi wa dunia yote, nasi tuliona mvua ikikosa misimu mitano mfululizo kutoka 2020 hadi 2022, mpaka mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Kisha mwaka 2024 yakaja mafuriko. Lakini haki na fedha hazitembei kwa mwendo mmoja. Mataifa tajiri yaliahidi mwaka 2009 kwamba kufikia 2020 yatakuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea. Yalifikia kiasi hicho mwaka 2022. Basi mkulima asikae akingoja fedha hizo ndipo aanze.

Sasa twende kwenye swali la ng'ombe. Nchi nyingine moshi wao mwingi hutoka kwenye mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Sisi hatuna habari hiyo. Mvuke wa ardhini ulianza kutoa umeme Olkaria mwaka 1981, mito inatoa umeme tangu zamani, na mwaka 2019 ulifunguliwa mtambo wa upepo karibu na Ziwa Turkana wenye nguvu ya megawati 310. Katika umeme wote wa Kenya, karibu sehemu 9 katika 10 hautokani na mafuta. Kwa hiyo upande ule hakuna mengi ya kupunguza. Ukitafuta hewa zetu zinakotoka, utakuta karibu sehemu 4 katika 10 ni kilimo na mifugo, na nyuma yake kidogo ni ukataji wa misitu. Mzee hana kiwanda, kweli. Lakini ana ng'ombe wanne.

Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne. Katika chumba kikubwa majani huvunda kwa kazi ya vijidudu, na hapo hutoka gesi iitwayo methani. Ng'ombe huitoa kwa mdomo anapopiga mbweu, wala si kwa nyuma kama watu wanavyocheka sokoni. Kilo moja ya gesi hiyo huzuia joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa itokayo kwenye moto, ukihesabu kwa miaka 100. Nairobi kuna kituo cha utafiti wa mifugo ambako ng'ombe huingizwa katika chumba kilichofungwa ili pumzi yake ipimwe.

Hakuna anayesema tuuze ng'ombe. Chukua wakulima wawili. Mmoja ana ng'ombe watatu wanaokula mabua makavu na majani ya kando ya barabara, kila mmoja akitoa lita 4; jumla lita 12. Jirani yake ana ng'ombe mmoja anayelishwa nepia changa na majani ya miti ya malisho, naye hutoa lita 12 peke yake. Huyu mmoja hutoa gesi zaidi kuliko mmoja wa wale watatu, kwa kuwa anakula zaidi. Lakini hatoi mara tatu. Maziwa ni yale yale, gesi ni pungufu, na jirani hakamui matumbo matatu yenye njaa. Hapo ahadi ya nchi na mfuko wa mkulima vinakutana.

Kwa hiyo ningependa kila mwenye ng'ombe wa maziwa apande kaliandra. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya unga wa ng'ombe wa dukani, na kila mmoja wetu ajua bei ya unga huo. Miti 500 yatosha ng'ombe mmoja kwa mwaka. Mtu akisikia 500 hushtuka, lakini ukiipanda nusu mita kwa nusu mita kando ya ua ni mstari wa mita 250 tu. Loweka mbegu katika maji baridi saa 48, zipande kitaluni, na miche uihamishe mvua ikishika. Kata mara ya kwanza baada ya miezi 9 au 12, kwa urefu wa mita moja kutoka chini. Wenye skimu za juu penye jalidi wasijisumbue nayo. Wamwulize Bwana Shamba mti mwingine.

Samadi nayo isiachwe kunyeshewa. Ifunike, au kama una ng'ombe wawili watatu wa zizini, fikiri juu ya mtambo wa gesi ya kupikia: methani ile ile inachomwa chini ya sufuria, kuni zinapona, na tope linalobaki ni mbolea.

Juu ya miti kwa jumla, Serikali ilitangaza Desemba 2022 kwamba ipandwe bilioni 15 kufikia 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Hesabu ya 2021 ilionyesha asilimia 12 na kidogo. Kanuni za mwaka 2009 zamtaka mkulima awe na miti kwenye sehemu 1 katika 10 ya shamba lake. Kwa ekari saba ni chini ya robo tatu ya ekari, na mipaka huhesabiwa. Tafadhali msipande mikalitusi karibu na chemchemi.

Neno la mwisho ni la karatasi. Siku hizi huja watu wakisema watanunua hewa iliyo katika miti yako. Biashara hiyo ni ya kweli. Magharibi mwa Kenya mradi wa Vi Agroforestry, uliokusudia wakulima 60,000, ulipata mwaka 2014 hati za kwanza za hewa iliyohifadhiwa udongoni, karibu tani 24,800. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba fungu la mkulima mmoja si la kujengea nyumba. Faida kubwa ilikuwa udongo kushika maji na mahindi kuongezeka. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 ilirekebishwa 2023, na sasa miradi ya namna hii sharti iandikishwe. Sheria hiyo imeweka fungu la jamii katika ardhi ya umma na ya jamii. Shamba lenye hati ya jina lako hulindwa zaidi na yale uliyoyaandika wewe mwenyewe. Wazee wa skimu wanakumbuka mikopo ya ardhi ya miaka ya 1960, jinsi sahihi ya siku moja ilivyofuata familia miaka mingi. Uliza: ni miaka mingapi? Nani atapima? Miti ikifa kwa ukame, nani analipa? Naweza kumgawia mwanangu shamba kabla ya muda kwisha? Asiyeweza kukujibu kwa maandishi, mpe chai aende zake.

Katika kaunti nyingi ziko kamati za wadi zinazochagua kazi za kufanywa kwa fedha za tabianchi, kama mabwawa na kulinda chemchemi. Mkutano wa wadi ukitangazwa, nendeni, kina mama pia, kwa kuwa ndio wanaoteka maji.

Mzee yule alirudi baada ya wiki moja kutafuta mbegu za kaliandra. Zilikuwa zimekwisha. Nimeandika jina lake katika daftari, naye ni wa kumi na moja. Wengine waje waandikwe mapema, ili miche iwe tayari kabla ya mvua ya masika.