Mabano Niliyoyafuta

Mwaka jana, katika zoezi la kutafsiri, nilipewa maandishi ya Kifaransa juu ya wanyama wa baharini. Humo mlikuwa na majina matatu: baleine, dauphin na marsouin. Mimi niliyekulia mbali na bahari nilikuwa na maneno mawili tu, nyangumi na pomboo. Marsouin nikamwita pomboo vilevile. Halafu, kwenye majina ya Kilatini, nikafuta mabano nikidhani ni mapambo. Nilipoteza alama mara mbili, na nilistahili.

Kosa la kwanza ni la uainishaji. Wataalamu huwagawa wanyama hawa katika makundi mawili makubwa. Kuna wasio na meno, wanaochuja chakula kwa mabamba yanayoning'inia kinywani, kama nyangumi wa buluu. Na kuna wenye meno. Kati ya wenye meno, pomboo wamo katika familia ya Delphinidae, na marsouin katika Phocoenidae. Meno ya pomboo yamechongoka. Ya marsouin ni bapa, kama sepeto. Kwa hiyo niliunganisha familia mbili kwa neno moja.

Kosa la pili ni la sarufi. Mwaka 1758 Linnaeus alimpa pomboo wa kawaida jina ambalo bado linatumika: Delphinus delphis Linnaeus, 1758. Marsouin alimwita Delphinus phocoena, yaani alimweka katika jenasi ileile. Baadaye alihamishiwa jenasi nyingine, na leo huandikwa Phocoena phocoena (Linnaeus, 1758). Mabano yanatuambia kwamba Linnaeus ndiye aliyeipa spishi jina, lakini mnyama hayumo tena katika jenasi aliyomweka. Ndivyo ilivyo pia kwa Orcinus orca (Linnaeus, 1758), ambaye wengi humwita nyangumi, kumbe ni wa familia ya pomboo.

Hakuna mwalimu wetu atakayekubali mwanafunzi afute -li- katika "alihama" kwa sababu ni silabi moja tu. Mabano yale yana kazi kama hiyo: yanasimulia kuhama.

Nilipolirudia zoezi, marsouin nilimwandika "mnyama afananaye na pomboo, mwenye meno bapa", kisha nikaweka jina lake la Kilatini, pamoja na mabano yake. Ni maneno mengi kuliko moja, lakini msomaji hatapotea.