Kusafiri ndani ya mtandao wa vifundo: mfano wa programu ya Houdini

0. Utangulizi

Zipo programu za kuchora kwa kompyuta ambazo hazimpi mtumiaji uwanja wa picha peke yake. Kando ya picha humpa uwanja wa pili, ambamo kila tendo la uchoraji huwekwa kama kifundo, na vifundo huunganishwa kwa nyuzi. Uwanja huo ndio unaoitwa hapa kihariri cha mtandao. Miongoni mwa programu hizo imo Houdini, iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Side Effects Software, ambayo iliasisiwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1987. Toleo lake la kujifunzia, Houdini Apprentice, hupatikana bila malipo kwa kazi zisizo za biashara.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtumiaji anavyosafiri ndani ya mtandao huo. Yanaonyesha pia kwamba matatizo mengi ya wanaoanza hayatokani na ugumu wa uchoraji, bali yanatokana na kutojua wako wapi.

1. Kifundo na uzi

Tuchukue mfano wa meza. Kifundo cha kwanza huzalisha ubao. Cha pili huzalisha mguu mmoja. Cha tatu huunakili mguu huo hadi ipatikane miguu 4. Cha nne hukusanya ubao na miguu kuwa kitu kimoja. Kila kifundo hupokea kwa upande wa juu na kutoa kwa upande wa chini. Kwa hiyo mtandao husomwa kutoka juu kwenda chini. Urefu wa mguu ukibadilishwa katika kifundo cha pili, miguu yote minne hubadilika papo hapo, kwa kuwa mtandao hauhifadhi umbo peke yake bali huhifadhi pia hatua zilizolizaa.

Mwanafunzi wa isimu ataona mfanano na mchoro matawi wa sentensi. Hata hivyo, mfanano huo una mipaka. Katika mchoro matawi wa kawaida, kila kifundo kina mzazi mmoja tu, na sentensi hugawanyika kadiri tunavyoshuka. Katika mtandao wa Houdini, kifundo kimoja chaweza kupokea nyuzi kadhaa, na tokeo lake laweza kupelekwa kwenye vifundo vingi.

2. Safari za aina mbili

Safari ya kwanza ni ya juu ya uwanja. Mtumiaji huusogeza uwanja kwa kuburuta huku amebonyeza kitufe cha kati cha kipanya, na huukuza au kuupunguza kwa kuzungusha gurudumu lake. Akipotea, herufi H humrudishia mtandao mzima mbele ya macho.

Safari ya pili ni ya kuingia na kutoka. Baadhi ya vifundo vimebeba mtandao mwingine ndani yake, kama vile kirai nomino kinavyobeba kishazi katika sentensi «Mtoto aliyevunja meza amekimbia». Herufi I huingiza ndani ya kifundo kilichoteuliwa. Herufi U hutoa na kupandisha ngazi moja. Ngazi aliyopo mtumiaji huandikwa juu ya dirisha kama njia, kwa mfano /obj/meza.

Safari hizi mbili zisichanganywe. Anayetafuta kifundo cha mguu akiwa bado nje ya kifundo cha meza aweza kuzunguka uwanja wote asikione. Kifundo hakijafutwa, kipo katika ngazi nyingine. Ndiyo maana inafaa njia isomwe kwanza, kabla ya kugusa chochote.

3. Kuteua si kuonyesha

Hapa ndipo wengi hukwama. Kifundo kilichoteuliwa ndicho ambacho vigezo vyake huonekana na kuweza kubadilishwa. Lakini picha inayotazamwa hutoka kwenye kifundo chenye bendera ya buluu, yaani bendera ya kuonyesha. Mambo haya mawili hayategemeani.

Tuseme bendera iko kwenye kifundo cha pili, na mwanafunzi ameteua cha nne. Atabadilisha vigezo mara kumi, na picha haitatikisika, kwa sababu cha nne kiko chini ya bendera. Akidhani programu imeharibika, huenda akafuta kazi iliyokuwa sahihi. Dawa ni kuihamishia bendera kwenye kifundo cha nne. Kinyume chake, mtu aweza kuiacha bendera mwishoni na kubadilisha kifundo cha juu kilichounganishwa nayo, akaona athari yake katika umbo zima. Hivyo bendera hugeuka chombo cha uchunguzi: ikishushwa hatua kwa hatua, huonyesha mahali hasa kosa lilipoingia.

4. Majina na mpangilio

Kifundo kipya hupewa na programu jina la Kiingereza lenye tarakimu mwishoni. Mtumiaji aweza kulibadilisha kwa jina la Kiswahili, mradi asiache nafasi kati ya maneno: mguu, ubao_wa_juu, meza_nzima. Herufi L hupanga vifundo vilivyotawanyika. Shift pamoja na O huzungushia fremu vifundo vilivyoteuliwa. Shift pamoja na P huweka karatasi ya maelezo. Katika maelezo hayo sababu ya hatua yaweza kuandikwa kwa lugha ya darasani, na mwenzake atakayeupokea mtandao ataweza kuusoma bila kumwuliza aliyeutunga.

5. Hitimisho

Kusafiri katika mtandao wa vifundo ni kujibu maswali matatu: niko ngazi gani, nimeteua nini, na bendera iko wapi? Anayeyajibu kabla ya kubadilisha vigezo hufanya kazi kwa utulivu. Maneno kifundo, uzi, ngazi, njia na bendera si mageni kwa msemaji wa Kiswahili. Yanatosha kumfundisha anayeanza misingi ya somo hili katika lugha hii.