Unarudi Kigoma kustaafu? Panga gharama za afya kabla ya kujenga

Mzee Livingstone, yule Mskoti ambaye kumbukumbu yake iko Ujiji chini ya miembe, alifika hapo Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na hana kitu. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu mwaka 1867, baada ya wapagazi kutoroka nalo safarini. Bidhaa zilizotumwa Ujiji zimsubiri, alikuta zimekwisha kuuzwa. Bila msafara wa Stanley uliomfikia muda mfupi baadaye ukiwa na chakula na dawa, huenda habari zake zingeishia hapo hapo.

Miaka zaidi ya 150 imepita, lakini wapo watu wanaofika mwisho wa reli katika hali inayofanana na hiyo. Ni wazee wetu waliofanya kazi Uingereza, Marekani, Oman au Afrika Kusini, na wengine Dar es Salaam, ambao sasa wanarudi nyumbani na pensheni ndogo. Hesabu yao ni nzuri: nyumba ni yao, mgebuka na dagaa wanapatikana mwaloni, muhogo unatoka shambani. Kinachosahaulika katika hesabu hiyo ni mwili. Mwili unaorudi ukiwa na miaka 65 si ule ulioondoka na miaka 25.

Ndugu msomaji, kama unajiandaa kurudi, au unamwandaa mzazi wako, makala ya leo ni yako.

Kinga ya malaria haikukusubiri

Wengi husema, "Mimi nimezaliwa Gungu, malaria inanijua." Kauli hiyo ina ukweli wa zamani. Mtu anayekulia mahali penye malaria nyingi na kuumwa na mbu mara kwa mara hujenga kinga ya kiasi. Kinga hiyo haimzuii kuambukizwa, bali humpunguzia makali ya ugonjwa. Akikaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, kinga hupungua. Akirudi, anaweza kuugua vibaya kama mgeni yeyote.

Kigoma si mahali pa kufanyia majaribio. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchini, ambapo takriban mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Wastani wa taifa mwaka huo ulikuwa takriban asilimia 7.

Kwa hiyo, kabla ya safari, muone daktari huko uliko na umuulize kuhusu dawa za kujikinga na malaria kwa miezi ya mwanzo. Mweleze dawa zote unazotumia, hasa za moyo na za kuzuia damu kuganda, kwa sababu baadhi ya dawa za kinga hazipatani nazo. Ukifika, lala ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza.

Jambo lingine linawahusu walioondoka miaka ya 1990 au kabla. Dawa uliyoizoea ni klorokwini, ile iliyokuwa ikiwawasha watu mwili mzima. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Leo malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto ya ALu, dozi sita kwa siku tatu, zikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Malaria kali hutibiwa hospitali kwa sindano. Usinunue dawa kwa kumbukumbu za ujana wako.

Ukipata homa, kapime siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kipo hata kwenye zahanati na majibu hutoka chini ya nusu saa. Usiseme ni uchovu wa safari, wala usimeze panado na kusubiri kesho. Kwa mtu mwenye umri mkubwa asiye na kinga, siku mbili za kusubiri zinaweza kugharimu maisha.

Wajukuu wakija likizo

Sehemu hii ni ya wazazi. Babu na bibi wakishahamia Ujiji, watoto waliozaliwa Manchester au Minneapolis watakuja kuwaona. Hao hawana kinga hata kidogo, na mara nyingi ndio wasioandaliwa, kwa sababu mzazi anasema, "Tunakwenda nyumbani tu." Uingereza imeona kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wake wa malaria ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea ndugu, si watalii wa hotelini.

Mtoto apewe dawa ya kujikinga kulingana na uzito wake, aanze kabla ya safari na aendelee baada ya kurudi kwa muda ulioelekezwa. Kuikatisha kwa sababu mmefika salama ni kosa, kwa kuwa vimelea vinaweza kuwa bado viko mwilini.

Mkiwa Kigoma, mpeleke mtoto hospitali mara moja akiwa na homa, na hasa ukiona dalili hizi za hatari:

- anatapika kila kitu, au hawezi kunywa wala kunyonya;
- ana degedege;
- amelegea au anasinzia kupita kawaida;
- anapumua kwa shida au haraka sana;
- viganja na midomo imepauka, au mkojo umekuwa mweusi kama kahawa.

Mkisharudi ughaibuni, homa yoyote katika miezi mitatu ya kwanza ichukuliwe kuwa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Daktari wa huko huenda asiiwazie. Mwambie kwa kinywa chako, "Tulikuwa Kigoma, Tanzania, naomba mtoto apimwe malaria." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha ya mtoto.

Presha na kisukari havistaafu

Wastaafu wengi wanarudi na mfuko wa dawa: za presha, za kisukari, za kolesteroli. Miezi mitatu inapita vizuri, dawa zinakwisha, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Mgonjwa anakwenda duka la dawa na boksi lenye jina la kibiashara ambalo muuzaji hajawahi kuliona. Anarudi mikono mitupu, na kwa kuwa haumwi popote, anaacha. Presha haina kelele. Wengi huikumbuka siku wanapopata kiharusi.

Fanya hivi. Miezi sita kabla ya kuhama, muombe daktari wako akuandikie jina halisi la kila dawa, si la kiwandani, pamoja na kipimo chake. Kisha mtume ndugu aliyeko Kigoma aulize kama dawa hizo zipo, bei yake kwa mwezi ni kiasi gani, na kama huwa zinaadimika. Dawa za kawaida kama amlodipini na metifomini hazisumbui sana kupatikana. Ukigundua kwamba dawa yako haipo, muombe daktari akubadilishie ungali huko, ili aone mwili wako unavyoipokea dawa mpya kabla hujaondoka.

Safiri na dawa za miezi mitatu zikiwa ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya daktari. Barua ni ya lazima zaidi kama unatumia dawa kali za maumivu au za usingizi, ambazo mipakani huulizwa. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloweza kupotea.

Kwa anayetumia insulini, fikiria umeme. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinahitaji jokofu. Ile unayoitumia inaweza kukaa nje takriban wiki nne mahali pasipo na joto kali. Umeme ukikatika, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji husaidia kuipoza. Usiiweke insulini kwenye barafu, maana ikiganda imeharibika.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mawese ni sifa ya Kigoma, na yale mekundu yasiyosafishwa yana viini vya vitamini A vinavyowafaa watoto. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha kolesteroli, hivyo mwenye ugonjwa wa moyo apime kwa kijiko, asimimine. Samaki waliokaushwa kwa chumvi waloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Mgebuka mbichi wa kuchoma ni bora zaidi kwa mwenye presha.

Kiwanja kiko umbali gani na hospitali?

Watu huchagua kiwanja kwa mandhari ya ziwa. Wewe ongeza swali hili: usiku wa manane nikibanwa kifua, nitafikaje hospitali?

Anayeishi Mwanga, Gungu au Ujiji yuko karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Anayejenga kijiji cha kaskazini kama Kagunga, au vijiji vya kusini vya mwambao wa Uvinza, anaweza kutegemea boti, na ziwa likichafuka boti haziondoki. Kama moyo wako, figo zako au sukari yako inahitaji uangalizi wa karibu, ishi mjini, na kijijini uende kutembea. Hakuna aibu katika hilo.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya matibabu ya kibingwa yatakutoa mkoani. Rufaa huweza kukupeleka Bugando jijini Mwanza, au Dar es Salaam, zilipo Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Hata matibabu yakilipiwa na bima, nauli yako na ya msindikizaji, chakula na mahali pa kulala mara nyingi vinatoka mfukoni mwako.

Pensheni inakaa, bei zinapanda

Kabla ya kukata tiketi, fahamu mambo haya. Anayehama Uingereza moja kwa moja hupoteza haki ya kutibiwa bure na huduma ya afya ya huko, na pensheni ya serikali anayolipwa akiwa Tanzania haiongezwi kila mwaka kama ya waliobaki. Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi hiyo. Na kama ulichukua uraia wa nchi nyingine, Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo ulizia Uhamiaji hadhi yako mapema, kwa sababu inaweza kugusa haki yako ya bima na huduma.

Kwa upande wa hapa nyumbani, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Nenda ofisi ya NHIF au tuma mtu, uliza kifurushi kinachomfaa mtu wa umri wako, magonjwa yanayolipiwa na hospitali zinazokipokea. Mtumishi anayestaafu akiwa mwanachama wa NHIF aulize masharti ya kuendelea kupata huduma yeye na mwenzi wake kabla ya siku ya mwisho ya kazi, si baada.

Kisha gawa fedha za afya katika mafungu matatu: dawa za kila mwezi, vipimo vya kawaida mara mbili kwa mwaka, yaani presha, sukari, figo na macho, na akiba ya rufaa ya watu wawili kwenda Mwanza au Dar es Salaam. Fungu la tatu liwe kwenye akaunti yake na lisiguswe.

Hapa ndipo wengi huanguka. Anayetoka nje huonekana ana fedha. Kutakuwa na ada za shule, michango ya harusi, misiba. Kusaidia ndugu ni jambo jema, lakini waeleze mapema, tena mbele ya watoto wako, kwamba akiba ya matibabu haikopeshwi. Ukianguka bila akiba, wao hao ndio watakaopitisha daftari la mchango.

Ziwa ni zuri, ila lina masharti

Ufukwe wa Tanganyika una kichocho cha tumbo, hasa penye makazi ya watu, maji yaliyotulia na majani ambamo konokono huishi. Vijidudu hupenya ngozi bila maumivu. Ukiachwa miaka mingi bila tiba, ugonjwa huu huharibu ini. Kama wewe au wajukuu mmeoga ziwani, kapimeni baada ya miezi miwili hivi, hata kama hamna dalili. Tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli. Maji ya ziwa ya kuogea nyumbani yachemshwe, au yakae kwenye chombo siku mbili kabla ya kutumika.

Maji ya kunywa yachemshwe bila kujali yanavyong'aa. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kipindupindu kilizuka na kuua watu kwenye mwambao huu huu.

Fanya haya kabla hujaondoka

Pima mwili mzima, pamoja na meno, macho na, kwa wanaume, tezi dume. Kamilisha chanjo unazoshauriwa. Chukua nakala za majibu yako yote na mpe mtoto wako nakala moja. Halafu njoo kwanza kwa miezi mitatu, ikiwezekana msimu wa mvua, uishi kama utakavyoishi: nunua dawa hapa, pimwa hapa, hesabu ulichotumia. Kama hesabu inakubali, ndipo uhamishe vyombo na kumwita fundi.