Muziki wa leba: pesa uiweke wapi?

Ukijiandaa kujifungua na kutaka muziki wa kukutuliza, usinunue kitu kabla hujajaribu ulicho nacho. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliutaja muziki, pamoja na kupumua kwa mpangilio na kulegeza misuli, kati ya njia zinazomfaa mama mwenye afya njema anayeomba nafuu ya maumivu. Uchungu hauondoki, ila hofu hupungua, na mwili usio na hofu haukakamai.

Kinachokula pesa ni bando. Muziki wa mtandaoni wa ubora wa kawaida hutumia karibu MB 58 kwa saa. Kwa uzazi wa kwanza, tangu njia ifunguke sentimita 5 hadi ifunguke yote, kwa kawaida hazizidi saa 12: hizo ni kama MB 700, na video hula mara kadhaa zaidi. Nyimbo 100 za dakika nne nne ulizopakua mapema hazifiki MB 400, na unazirudia bure. Pakua nyumbani, kisha zima data ili chaji idumu.

Earphone za waya zinatosha. Waya hunasa kwenye mrija wa dripu unapogeuka, basi upitishe nyuma ya shingo, na uvae sikio moja ili sauti ya mkunga isikupite. Zisizo na waya ni ghali zaidi na huzima chaji usiku wa manane. Spika ni ya chumba cha peke yako. Kwenye wodi ya mapazia, wa kitanda cha pili naye ana uchungu wake.

Vifurushi vya nyimbo maalumu za kujifungulia sioni sababu ya kuvilipia. Kwaya, kaswida, taarabu, chochote kinachokutuliza wewe, mume asikuchagulie.

Ganzi ya mgongoni ndiyo inayokata maumivu hasa, lakini inataka daktari wa usingizi na uangalizi wa karibu, kwa hiyo bei yake haifanani kabisa na ya muziki. Ulizia kliniki mapema: ni kiasi gani, na je, usiku ipo? Anayeitaka asiambiwe avumilie kwa nyimbo.

Pesa ikitosha kitu kimoja tu, ningeilipia nauli ya mama au dada aje akukande mgongo na kukushikia simu. Shirika hilohilo linapendekeza kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Hakikisha kwanza hospitali yako inamruhusu kuingia leba.