Pete ya Kozi na Sisi Tulio Njiani Kwake

Pete yenyewe ni nyepesi hivi kwamba ukiifumba kiganjani huihisi. Ni kipande chembamba cha aloi kilichokunjwa, kinywa bado wazi, na ubavuni mwake zimechongwa tarakimu ndogondogo na mahali pa kupeleka taarifa. Mzee aliyeniwekea mkononi, nyumbani kwake Muscat, aliniacha nisome upande mmoja, kisha akaigeuza kwa ncha ya kidole. Maandishi yaliendelea nyuma.

“Wengi huishia upande wa kwanza, mwanangu. Wanaleta nusu ya namba. Nusu ya namba haina ndege.”

Nilikuwa nimemwendea kwa habari nyingine, za familia zilizotoka Unguja na kuanza maisha upya Oman. Lakini kwenye rafu palikuwa na koleo la ajabu, lenye matundu ya mviringo mdomoni, na nilipouliza ni la kazi gani, habari za familia zikakoma. Ami, kama wanavyomwita vijana wa mtaa na kama nilivyomwita mimi, ameomba jina lake lisiandikwe. Kwa misimu mingi amefuatana na watafiti kwenye Kisiwa cha Fahal, jabali la chokaa lililo karibu na Muscat, na visiwa vya Daymaniyat, kuwavisha pete makinda ya kozi wa kijivu.

Kozi huyu hulea wakati ndege wengine wamekwisha kulea. Hutaga Julai na Agosti, jua likiwaka kuliko wakati wowote, bila hata kujenga kiota: kivuli cha jiwe au tundu la jabali linatosha. Ana sababu yake. Makinda yakianza kudai chakula, keremkerem, hudihudi na ndege wadogo wengine wanapita baharini wakielekea kusini, na wazazi huwawinda humo humo angani. Ikifika Oktoba, kozi naye huanza safari yake kwenda Madagaska. Mmoja aliyefungwa chombo cha setilaiti Abu Dhabi mwaka 2008 alikwenda takriban kilomita 6,700 kwa muda usiotimia wiki mbili, akipita Saudi Arabia, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Kwa maneno mengine, alipita juu ya vichwa vyetu.

Ami hakutaka kuzungumzia setilaiti. Alitaka nielewe mguu.

Kinda likiwa dogo mno, alieleza, pete itateleza na kuanguka pamoja na kazi yote. Likiwa kubwa mno, litakukimbia mpaka ukingoni mwa jabali, na huko chini ni bahari. Kati ya hapo kuna siku chache ambazo mguu umekwisha kufikia unene wake lakini mbawa bado hazijapata nguvu. Hapo ndipo mtu hulala kifudifudi juu ya mwamba wa moto, akaingiza mkono tunduni taratibu, mama kozi akipiga kelele na kushuka kichwani kwake. Kinda hufunikwa kichwa kwa kitambaa, likatulia. Mguu hushikwa kwa vidole viwili. Koleo hubanwa kidogo, likaachwa, likabanwa tena, mpaka ncha mbili za pete zikutane sawasawa.

“Zisipandane, wala usiache mwanya,” alisema. “Mwanya hunasa uzi wa nyavu. Utakuwa umemfunga kitanzi kiumbe asiyekukosea.”

Pete ikishafungwa lazima izunguke na kupanda na kushuka bila kukwama. Anayeshika kinda huisoma namba kwa sauti, anayeandika huirudia, kisha husomwa tena ikiwa mguuni kabla kinda halijarudishwa kivulini. Nilimwuliza mbona mara zote hizo. Akanitazama kwa upole. Kosa la tarakimu moja, akasema, huzaa ndege asiyekuwepo.

Watafiti wa kozi huongeza pia pete ya rangi, yenye herufi au tarakimu kubwa zinazosomeka kwa darubini. Hapo kazi inakuwa yako wewe uliye chini ya mti. Tazama rangi. Tazama ni mguu upi, wa kulia au wa kushoto wa ndege mwenyewe, si wa upande wako. Angalia kama maandishi yamesimama au yamelala. Piga picha nyingi, maana 8 na B hufanana kwa mbali, na 0 na D vilevile. Usichokiona, andika kwamba hukukiona. “Usikisie,” alisema Ami, na neno hilo alilirudia zaidi ya lolote.

Si kila kozi mwenye pete ni wa porini. Pete ya mwituni ina mshono, kwa sababu ilifungwa kwa koleo. Pete nzima isiyo na mshono ilivishwa kinda aliyezaliwa kizimbani, nyayo zake zikiwa bado ndogo za kupenya. Ukiona hiyo, au mikanda ya ngozi miguuni, kuna uwezekano mkubwa kuwa ndege huyo ana mwenyewe, na mwenyewe anamtafuta.

Ndege yeyote akiwa hai, pete usiivue. Akiwa amekufa, piga picha ya pete pande zote. Andika tarehe, mahali, na hali uliyomkuta nayo. Peleka taarifa kwenye anwani iliyo kwenye pete. Anwani ikiwa haisomeki, waone wataalamu wa ndege wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, au taasisi ya utafiti wa wanyamapori TAWIRI, Arusha.

Kuna jambo limenikaa moyoni. Zamani, kwa kuwatazama kozi hawa Madagaska, walikadiriwa kuwa makumi ya maelfu ya jozi. Hesabu za visiwani na majangwani wanakozaliana zimetoa idadi ndogo mno kuliko hiyo. Je, wamepungua, wanazaliana mahali pasipojulikana, au hesabu ya kwanza ilikuwa kubwa kupita kiasi? Na wale makinda ambao Ami aliwashika kwa vidole viwili, ambao hakuna aliyeandika habari zao tena, wamekufa au hawajatazamwa tu?

Nilimwuliza ni taarifa ngapi zimewahi kurudi kutoka pwani yetu. Hakujibu kwa idadi. Alisema yeye alifanya nusu ya kazi, na nusu ya pili hakuwahi kuwa na uwezo nayo: iko kwa mvuvi wa Kilwa, mchungaji wa Tsavo, mtoto wa shule anayeokota ndege barabarani. Mimi nawaandikia hao. Igeuzeni pete, someni na upande wa pili.