Anza na siti ya nyuma

Duara la dhahabu likitema, habari hufika yadi ya magari kabla haijafika nyumbani. Kijana wa Katoro au Nyarugusu ambaye hadi juzi alikuwa akiendesha IST anaanza kuulizia Altezza, Crown Athlete, Mark X au Subaru yenye turbo. Na tangu wakia moja ya dhahabu ivuke dola 4,000 mwezi Oktoba 2025, hata Porsche Cayenne ya mkononi imeanza kuingia kwenye mahesabu ya watu waliokuwa wakiiona kwenye simu tu. Hakuna ubaya. Ila kijana huyo ana mke, watoto watatu, na mama mzazi ambaye lazima afikishwe kliniki Bugando, Mwanza.

Tazama anavyonunua. Anakaa kwa dereva, anashika usukani, anawasha, anakanyaga mafuta mara mbili tatu asikie mlio, anashuka, anafungua boneti. Siti ya nyuma haikaliwi na mtu mpaka gari lilipiwe. Mimi ningeanzia huko, kwa sababu karibu kila kinachofanya gari liitwe spoti kimechukuliwa kwa abiria wa nyuma. Ni fizikia ambayo unaweza kuipima papo hapo yadini kwa futikamba.

Gari linapokata kona kwa kasi, mwili wake huelemea upande wa nje. Kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu, ndivyo matairi ya nje yanavyobebeshwa zaidi na ya ndani yanavyoachwa mepesi. Kwa hiyo mbunifu wa gari la spoti hushusha kila kitu: injini, sakafu, na watu. Sasa mtu akikalishwa chini, miguu yake haikunjiki tena kama kwenye kiti cha mezani. Hunyooka mbele, na nafasi anayohitaji kati ya kiti chake na kiti cha mbele huongezeka. Wakati huohuo paa limeinamishwa kwa nyuma ili upepo uteleze vizuri. Mtu mzima wa sentimita 175 akikaa wima ana takriban sentimita 90 kutoka kalio hadi utosi. Bonyeza siti ya nyuma kwa mkono kama vile mtu ameikalia, pima kutoka hapo hadi kwenye dari. Ukipata chini ya hizo 90, mama atasafiri ameinamisha shingo hadi Mwanza.

Porsche 911 ndiyo mfano wa wazi kuliko yote. Tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963 injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na vile viti viwili vya nyuma ni vya mtoto mdogo au begi. Kampuni ilipotaka kuuza spoti kwa watu wenye familia, ilibidi iunde magari mengine kabisa: Cayenne mwaka 2002 na Panamera mwaka 2009. Mazda walijaribu ujanja mwingine kwenye RX-8. Injini yake ya rotari ya lita 1.3 ni ndogo kiasi cha kuacha nafasi ya viti vinne vya kweli, na milango midogo ya nyuma inafunguka kinyume. Ni gari zuri sana la watu wanne. Hesabu mikanda: ni minne. Familia ya watano imeshatoka kwenye mchezo, kabla hatujagusa habari ya injini hiyo kula oili kwa asili yake.

Altezza, iliyotoka mwaka 1998 na kushinda tuzo ya Gari la Mwaka Japani la 1998–1999, iliundwa kuwa saluni ya milango minne yenye tabia za spoti, na ndiyo maana imependwa hapa kwetu. Lakini inaendeshwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo propela shafti inapita katikati ya sakafu na kuacha nundu. Anayekaa katikati anaweka mguu mmoja huku, mwingine kule. Pale Kahama niliwahi kumwona mama mmoja akimtaka mumewe ajaribu mwenyewe. "Baba watoto, njoo ukae wewe hapa katikati." Dalali akaingilia haraka, "Shemeji, hii ni spoti, huku nyuma ni pa watoto tu." Mama akamtazama. "Na hawa watoto watabaki watoto mpaka lini?" Mume alikaa, magoti yakamfika karibu na kidevu, wakahamia kwenye Crown.

Baada ya nafasi, mikanda. Vuta kila mmoja wa nyuma hadi mwisho, kisha uvute kwa kushtua: lazima ukwame. Wa katikati uutazame kwa makini, kwani kwenye magari mengi ya zamani ni wa kiunoni tu. Mkanda wa aina hiyo unamzuia mtu asiruke, lakini mwili hujikunja juu yake na nguvu yote huishia tumboni, mahali pasipo na mfupa wa kuipokea. Mtoto ambaye hajafikia takriban sentimita 150 anahitaji kiti chake au angalau kiti cha kumwinua, ili mkanda upite begani na kwenye nyonga badala ya shingoni na tumboni. Ingiza vidole kwenye mpenyo kati ya kalio la siti na mgongo wake. Ukigusa vipande viwili vya chuma vyenye umbo la U, hivyo ni vishikio vya ISOFIX na kiti cha mtoto kitafungwa bila kutegemea mkanda.

Wapo watakaosema mtoto atapakatwa. Tufanye hesabu. Gari likigonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa na pua yake ikabonyea nusu mita, kila kilichomo hupunguzwa mwendo kwa nguvu karibu mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa wa kilo 200 mikononi mwa mama. Hakuna mikono ya hivyo. Na kwa kuwa nishati huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kugonga kwa kilomita 50 ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 10. Kwa kilomita 100 si mita 20, ni karibu 40. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 pale Kigongo–Busisi, safari ya Geita hadi Mwanza haina tena foleni ya kivuko ya kumpoza dereva.

Sasa jambo ambalo madalali wengi hawalitaji, nami nalitilia uzito kuliko injini. Puto la usalama hujazwa na kikopo kidogo cha chuma chenye vidonge vya kemikali vinavyoungua kwa sehemu ndogo ya sekunde na kutoa gesi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amonia naitreti, ileile kemikali inayojulikana vizuri machimboni kwa sababu ndiyo kiini cha baruti za kupasulia miamba. Ni ya bei nafuu na hutoa gesi nyingi. Kasoro yake ni kwamba hunyonya unyevu, na kidonge chake hupanuka na kusinyaa joto linapopanda na kushuka. Gari lililofungwa vioo likikaa juani mchana kisha likapoa usiku, mwaka baada ya mwaka, vidonge huanza kumeguka na kuwa na vinyweleo. Siku ya ajali vinaungua kwa kasi kupita kiasi, kikopo chenyewe kinapasuka, na vipande vya chuma vinarushwa usoni mwa mtu ambaye puto lilikuwepo kumwokoa. Watu wamekufa hivyo katika nchi kadhaa. Ulikuwa urejeshaji mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, na Takata ikafilisika mwaka 2017.

Orodha ya magari yaliyohusika inafanana sana na orodha ya ndoto za vijana wetu: Subaru Impreza, Legacy na Forester nyingi za miaka ya 2000, Mazda RX-8, BMW kadhaa, Toyota na Lexus za matoleo mbalimbali. Matengenezo yalifanywa bure na watengenezaji, lakini gari lililopakiwa melini kabla ya kuitwa huja na kikopo chake kilekile. Joto na mvua za ukanda wa ziwa zinaendeleza kazi hiyo pale ilipoachwa. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari, uone kama kazi ilifanyika. Bure, dakika 5. Muuzaji akikataa kukupa namba ya chesisi, hilo nalo ni jibu.

Turudi nyuma ya gari, tupakie watu. Altezza tupu ina takriban kilo 1,350. Watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350, yaani umeongeza zaidi ya robo ya uzito wake, na watatu kati yao wamekaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Chukulia kila springi ya nyuma inabonyea milimita moja kwa kila kilo 2.5: kilo 210 zitashusha mkia sentimita 4. Kwa saluni ya spoti yenye uwazi wa sentimita 13 hadi 15 kutoka ardhini, umebaki na 10 hivi, na bado hujaweka gunia la mchele kwenye buti. Ndipo unapokutana na tuta la barabarani na kusikia ekzosi ikikwaruza. Fundi atakushauri uweke spesa. Spesa inainua bodi, kweli, lakini haiongezi hata milimita moja ya springi kubonyea. Inapandisha kitovu cha uzito kilichoshushwa kwa gharama kubwa na kupindisha pembe za shafti na bolijointi. Umelipia spoti, kisha umeilipia tena iache kuwa spoti.

Ardhi yenyewe ina maoni yake. Upande wa Shinyanga kuna ule udongo mweusi wa mbuga, wenye mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi hadi kupasuka. Barabara ikipita juu yake, hata ya lami, hupata mawimbi marefu. Upande wa Geita, njia za changarawe za kwenda Lwamgasa na machimbo mengine hujichonga mawimbi madogo madogo kama ubao wa kufulia. Mwili wa binadamu aliyekaa husumbuliwa zaidi na mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na springi ngumu zenye shokapu zilizochoka huwapelekea abiria wa nyuma mitikisiko hiyo bila kuipunguza. Tairi nalo linachangia. Soma ubavuni: 215/45R17 maana yake ukuta wa mpira una asilimia 45 ya milimita 215, yaani chini kidogo ya sentimita 10. Kwenye 215/60R16 ni karibu 13. Sentimita hizo tatu za mpira na hewa ndizo zinazoamua kama shimo litaishia kwenye tairi au litavunja rimu. Hapohapo ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2214 ni wiki ya 22 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo halifai kubeba watoto hata likiwa na kashata nzuri.

Injini nitaipitia haraka; ndiyo wanayoijua wote. Ukanda huu uko takriban mita 1,100 hadi 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho: zile farasi 210 za Altezza RS200 hapa ni 180 na ushee. Yenye turbo hujazia upungufu kwa kuzungusha feni yake kwa kasi zaidi, na joto huongezeka. Fungua kifuniko cha tenki uone kama kuna kibandiko cha Kijapani kinachodai petroli ya okteni ya juu. Huko kwao huwa karibu 100. Mwinuko unaisaidia kidogo injini isiyo na turbo isigonge, lakini turbo inaufuta msaada huo. Na ukikuta aliyekuwa nalo amefunga lile chujio la hewa la wazi ili lingurume, achana nalo. Vumbi jekundu la machimbo lina chembe ngumu zinazosaga silinda.

Kwa anayeagiza nje, ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi cc 2,000, na umri wa gari nao huongeza mzigo. Kwa gari lililokwisha kusajiliwa hayo yameshalipwa na yamo ndani ya bei.

Nikiulizwa na mwenye watoto watatu anayekaa Geita mjini na kwenda Mwanza kwa lami, nitamwelekeza kwenye Crown Athlete, kwa sababu siti yake ya nyuma iliundwa kwa ajili ya watu wazima. Mwenye duara porini ni Forester ya turbo, yenye uwazi wa karibu sentimita 20, mradi habari ya puto imeshughulikiwa. Cayenne ina nafasi kuliko zote, na ile yenye springi za hewa inajiinua zaidi ya sentimita 25, lakini za mwanzo zenye V8 zina mabomba ya maji ya plastiki chini ya manifodi ambayo hupasuka kwa uzee, na spea utaagiza mbali.

Kabla ya kulipa, njoo yadini na familia nzima. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi gari likiwa tupu, wapakie wote, pima tena, kisha muombe muuzaji mkavuke tuta la karibu mkiwa mmejaa hivyohivyo, yeye akichukua nafasi ya mmoja wenu nyuma katikati.